Nzi Yuko Majini, Samaki Hashiki: Kutafuta Kosa Unapovua Kijito cha Mjini

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mvuvi wa nzi bandia akikosa samaki husingizia nzi. Hufungua kikasha, akachagua mwingine, akafunga, akarusha, na baada ya dakika kumi kikasha kiko wazi tena. Kwenye kijito kinachopita katikati ya majengo, nzi awe mtuhumiwa wa mwisho. Kabla yake kagua maji yenyewe, halafu mahali uliposimama, halafu mkono wako na mshipi, halafu mafundo. Fuata mpangilio huo, maana hitilafu ya mwanzo huzifunika zinazofuata. Samaki anayetafuta hewa hashawishiki hata urushe vizuri namna gani.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Nzi ni ndoana iliyovishwa nyuzi au manyoya ifanane na mdudu. Mshipi ni ule mnene wenye rangi, ndio unaobeba uzito wa kurusha, kwa kuwa nzi mwenyewe ni mwepesi mno. Unafuatiwa na uzi wa mbele, wa nailoni, unaoanza mnene na kwisha mwembamba. Kipande cha mwisho kinachofungwa nzi nitakiita uzi wa ncha.

Hakuna dalili ya samaki hata mmoja

Fimbo ibaki mfukoni kwanza. Simama uangalie maji.

Mvua ikinyesha juu ya lami, zege na mapaa haipati pa kuzama. Inakimbilia mitaroni na kuingia kijitoni kwa mkupuo, ndiyo maana kijito cha mjini hufura haraka na kupungua haraka kuliko cha msituni. Maji ya mwanzo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yamefagia mafuta, vumbi la breki na chembe za matairi zilizolala barabarani tangu mvua iliyopita. Mwaka 2020 watafiti katika jimbo la Washington, Marekani, walitambua kemikali iitwayo 6PPD-quinone, inayotokana na kinga ya mpira wa matairi, kuwa ndiyo iliyokuwa ikiua samoni aina ya coho kwenye vijito vya mijini baada ya mvua. Kwa hiyo ukifika siku ya mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu na kukuta kimya, sababu unayo tayari. Rudi maji yanapopungua, yakiwa bado na rangi kidogo lakini ukisimama yakikufika magotini unaziona buti zako. Hapo samaki wana ujasiri, na uzi hawautilii shaka sana.

Ikiwa hakujanyesha, pima joto. Kipimajoto kidogo cha kufunga kwa kamba kinatosha. Maji ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, na ya nyuzi 30 hayazidi 7 na nusu hivi. Trauti, samaki wa maji baridi, maji yakipita nyuzi 20 aachwe apumzike. Hata ukimshika na kumrudisha, anaweza kufa baadaye. Karpu, kambale na tilapia huvumilia zaidi, lakini nao husogea kwenye maporomoko madogo na chini ya vizuizi vya zege, mahali maji yanapochapwa na kuchanganyika na hewa.

Kuna dalili moja inayopotosha wengi: samaki wametoa midomo juu ya maji, wakifungua na kufunga bila kutulia, hawaendi popote. Mgeni hudhani wanakula. Hawali. Wanavuta ile tabaka nyembamba ya juu yenye oksijeni kidogo iliyobaki. Hutokea zaidi alfajiri, kwa sababu usiku kucha mimea ya majini imekuwa ikitumia oksijeni bila kutengeneza nyingine. Samaki anayekula juu hutokeza, akachukua, akashuka, na maji yakaachia duara linalopanuka. Tofauti hiyo ukishaizoea hutaikosea.

Ukiona utando wenye rangi za upinde juu ya maji yaliyotuama, chukua kijiti uuguse. Ukivunjika vipande vyenye kingo na vikabaki vimeachana, ni kazi ya bakteria wa chuma, mara nyingi pamoja na tope la rangi ya chungwa. Hao si alama ya sumu. Utando ukizunguka kijiti na kujiunga tena papo hapo, hayo ni mafuta ya petroli, na hapo juu kuna mtaro wa kutiliwa shaka. Mawe yaliyofunikwa na utelezi wa kijivu unaopeperuka kama sufi ni habari mbaya zaidi: ni bakteria wanaonawiri penye majitaka. Panda mtoni uupite mtaro unaotiririsha, au uhame kabisa, na utoe taarifa kwa mamlaka ya maji ya hapo ulipo.

Usiandike kijito kuwa kimekufa kwa sababu ya sura yake. Mto Wandle wa London ulihesabiwa kuwa mfereji wa majitaka miaka ya 1960, na sasa trauti wamerudi. Mto wa Los Angeles umejengewa zege sehemu kubwa, na bado watu huufuata kuvua karpu kwa nzi kwenye vipande ambavyo kitanda chake kiliachwa cha mchanga na mawe.

Samaki wapo, ila ukisogea wanatoweka

Samaki huona mambo ya juu ya maji kupitia dirisha la duara lililo juu ya kichwa chake, lenye upana wa pembe ya nyuzi kama 97. Kitu kilicho chini sana, chini ya nyuzi 10 hivi kutoka usawa wa maji, hukiona kwa shida. Piga hesabu kidogo. Ukiwa juu ya ukuta wa zege na kichwa chako kiko mita tatu na nusu juu ya maji, unaanza kuonekana ukiwa mbali kiasi cha mita 20. Ukichuchumaa ukingoni kichwa kikawa mita moja tu, unaweza kumkaribia hadi mita sita hivi. Ukuta ule unaokupa mandhari nzuri ndio unaokuuza.

Samaki wa mjini wana tabia ya pekee: hawajali wapita njia. Watu na mbwa wanapita kutwa nzima, nao wanaendelea na shughuli zao. Anayesimama ghafla ndiye anayewatia wasiwasi. Ukimwona samaki, endelea kutembea kwa mwendo uleule, mpite, kisha zunguka utokee nyuma yake, upande wa chini wa mkondo, maana kichwa chake kinaelekea yanakotoka maji. Angalia pia kivuli chako, na cha fimbo. Miwani ya kukata mng'ao wa maji hapa si urembo.

Mrusho unavurugika

Huku ndiko wengi wanakokwama, na chanzo kikubwa hakisemwi vya kutosha: umbali ni mfupi mno kwa kifaa ulichonacho.

Mishipi hupewa namba kwa kupima uzito wa futi 30 za kwanza, yaani mita 9.14. Mshipi namba 5 una gramu 9 hivi katika urefu huo, namba 3 una gramu 6 na nusu. Sasa kwenye kijito chenye upana wa mita nne, mshipi uliotoka nje ya fimbo ni mita tatu au nne tu. Fimbo haipati hata nusu ya mzigo iliotengenezewa. Haipindi. Mvuvi akiona hivyo anaongeza nguvu za bega, na hapo ndipo vurugu zote zinapozaliwa. Dawa ni kupanda namba moja ya mshipi kuliko ile iliyoandikwa kwenye fimbo, kufupisha uzi wa mbele hadi mita mbili hivi, na kuchagua fimbo laini.

Baada ya hapo soma dalili moja moja.

*Nyuma yako kunasikika mlio wa kiboko.* Umeanza kusukuma mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma. Mlio huo mara nyingi humkata nzi, na unaweza kurusha ndoana tupu, au uzi mtupu, nusu saa bila kujua. Geuza kichwa uutazame mshipi ukinyooka. Hakuna anayekupa alama kwa kutazama mbele.

*Nzi anagonga mshipi, na vifundo vidogo vinajitokeza kwenye uzi.* Upepo hulaumiwa bure. Nguvu imemwagwa yote mwanzoni mwa msukumo, ncha ya fimbo ikazama katikati ya safari yake badala ya kwenda moja kwa moja, na upande wa juu wa tanzi, yaani mkunjo wa mshipi ukiwa hewani, ukaangukia upande wa chini. Anza polepole, ongeza kasi taratibu, simamisha kwa ghafla mwishoni.

*Mshipi unarundikana mbele yako.* Fimbo haikusimama. Imeendelea kushuka hadi majini, na tanzi likafunguka likawa duara kubwa lisilo na nguvu. Simamisha fimbo juu, ngoja mshipi unyooke, ndipo uishushe.

*Uzi unajisokota.* Nzi mwenye mabawa makubwa amefungwa kwenye uzi mwembamba kupita kiasi, anazunguka hewani. Mnenepeshee uzi. Usokotaji uliokwisha kutokea unatoka kwa kumfungua nzi, kuuachia mshipi uburutwe na mkondo dakika mbili tatu, kisha kuuvuta.

*Ncha ya mshipi inazama na mshipi hautelezi kwenye pete za fimbo.* Ni uchafu. Maji ya mjini yana mafuta na masizi yanayoganda juu yake. Ufute kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni laini, usuuze, ukaushe. Kitambaa kikitoka cheusi utaelewa ulikuwa unarusha nini.

Na penye matawi au uzio nyuma? Tumia mrusho wa kuviringisha. Inua fimbo polepole, mshipi ukikokotwa juu ya maji, hadi mkono ufike usawa wa sikio na mshipi uning'inie nyuma ya bega lako kwa tumbo. Simama kidogo. Sukuma mbele na usimamishe juu. Ukigoma, tazama mambo mawili: mshipi haukupata nafasi ya kurudi nyuma ya bega, au umesukuma kuelekea chini badala ya mbele. Kumbuka mrusho huu unahitaji kipande cha mshipi kishikwe na maji. Juu ya zege kavu haufanyi kazi.

Chini ya daraja, ambapo hata mkono hauinuki, shika nzi kwa mpindo wa ndoana, ncha ya ndoana ikiangalia mbali na vidole, vuta hadi fimbo ipinde, elekeza, achia. Nzi anaruka kama mshale na kuingia chini ya dari. Mrusho huu unadharauliwa kwa kuonekana wa kitoto, lakini kivuli cha daraja ndiko samaki wakubwa wa kijito wanakoshinda mchana, hasa kwenye ule mstari ambapo mwanga na giza vinakutana.

Kabla ya kuinua fimbo yoyote angalia juu. Fimbo za kaboni hupitisha umeme, na nyaya za mjini zinavuka mito bila kutangaza. Angalia na nyuma, kuna watoto na baiskeli. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo hadi kilale kabisa. Siku itakayomchoma mtu, itatoka bila daktari.

Nzi anatua vizuri, lakini hakuna anayemgusa

Chuchumaa umtazame nzi anavyoelea. Ukiona mstari mdogo wenye umbo la V nyuma yake, anaburutwa. Mdudu wa kweli haachi mstari huo. Kati yako na samaki kuna mikondo yenye kasi tofauti, na mjini mikondo hiyo haitabiriki, kwa sababu imekatwa na nguzo, matairi ya zamani na mikokoteni ya madukani iliyotupwa. Mkondo wenye kasi unaukamata mshipi na mshipi unamvuta nzi. Ongeza uzi wa ncha, au pindua mshipi upande wa juu wa mkondo mara tu unapotua, au inua fimbo ili mshipi usiguse maji kabisa. Ushauri wa kawaida kwa vijito ni fimbo fupi, mita mbili na kidogo. Mimi nauona ushauri huo unafaa chini ya matawi tu. Penye uwazi fimbo ya mita tatu inakunyima madaha lakini inauweka mshipi hewani, na nzi anaelea huru.

Ukitumia nzi wa kuzama, kosa la kwanza ni kina. Asipogusa chini mara mojamoja, hajafika. Ongeza chubwi ndogo au nzi mwenye ushanga mzito, au punguza unene wa uzi wa ncha, kwa kuwa uzi mwembamba unazuiwa kidogo na maji na hushuka haraka. Ndoana inayosafiri ikiwa imegeuza ncha juu inapunguza kunasa mifuko ya plastiki, ingawa mifuko utaivua tu, na ni vema uondoke nayo.

Sasa ndipo uje kwa nzi. Geuza jiwe moja. Ukikuta viluwiluwi vya wadudu wenye mikia mitatu, au vile vinavyojijengea ala za mchanga, maji ni mazuri na una uhuru wa kuchagua. Ukikuta vijidudu vyembamba vyekundu vinavyojinyonganyonga, hao ni viluwiluwi wa wadudu wanaofanana na mbu lakini hawaumi. Wekundu wao ni himoglobini, ya jamii moja na iliyo kwenye damu yetu, ndiyo inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba, na kwa hiyo wamejaa mijini. Mwili wa uzi mwekundu kwenye ndoana namba 16 au 18, ushanga mdogo kichwani, basi. Penye miti inayoinamia maji weka sisimizi au mbawakawa. Na mahali watu wanapotupia bata mkate, nzi mweupe aliyekatwa bila umbo lolote anashinda ufundi wa kila namna. Wanaojali heshima ya sanaa hii hawapendi kusikia hivyo.

Anashika, kisha anachomoka

Jaribu ndoana kwenye ukucha wa dole gumba. Ikiteleza bila kukwaruza, ni butu. Kwenye kuta za zege mrusho wa nyuma ukishuka kidogo tu unaipiga ncha ukutani, na huhisi chochote. Ikague kila unapohisi imegusa kitu. Kama ni kali, kosa ni la wakati: kwa nzi wa juu subiri samaki afunge mdomo na kuanza kushuka, kwa nzi wa chini usisubiri kitu, boya dogo ulilofunga kwenye uzi likisita inua fimbo, maana hutema kwa kufumba na kufumbua.

Uzi unakatika

Usiutupe uzi uliokatika kabla hujausoma. Ulete karibu na jicho.

Ncha iliyojiviringa kwa mikunjo midogo inasema fundo limeteleza. Mizunguko ilikuwa michache, au hukulikaza hadi mwisho. Ncha iliyokatika wima, safi, hasa hapo kwenye jicho la ndoana, inasema fundo lilikazwa kavu na joto la msuguano likauunguza uzi. Wavuvi wengi hulowesha fundo kwa mate. Hapa usifanye hivyo, wala usikate uzi kwa meno. Uzi huo umeshinda kwenye maji ya mitaro. Beba chupa ndogo ya maji safi na kikata kucha.

Uzi uliokatika katikati, ukiacha kijikunjo kimoja kidogo, ulikuwa na lile fundo lililojifunga lenyewe hewani. Fundo la namna hiyo hupunguza nguvu za uzi kwa karibu nusu, kwa hiyo dawa iko kwenye mrusho, si kwenye uzi. Ncha nyeupe yenye manyoya imesuguliwa na zege, chupa iliyovunjika au chuma. Pitisha uzi katikati ya kucha mbili kila baada ya samaki, na ukihisi ukwaru kata sentimita 30 za mwisho.

Na ikiwa kila kitu kiko sawa na bado unakatika, uzi ni mwembamba kwa kazi hiyo. Kwa kuanzia gawanya namba ya ndoana kwa tatu: namba 16 inakupa uzi wa 5X, wenye kipenyo cha milimita 0.15. Hesabu hiyo ilikusudiwa mito safi. Karpu akikimbilia nguzo za daraja, panda hadi 3X, milimita 0.20, bila aibu. Nzi akirudi na ndoana imenyooka, uzi umeshinda na waya wa ndoana ndio dhaifu.

Homa baada ya kuvua

Hitilafu hii ni ya mvuvi mwenyewe. Mkojo wa panya ukiingia majini hubeba bakteria wa leptospira, wanaopenya kwenye michubuko, macho na mdomo. Homa ya ghafla, kichwa kuuma, macho mekundu na maumivu makali ya misuli ya miguu, mara nyingi siku 5 hadi 14 baadaye, hufanana na mafua makali au malaria. Nenda hospitali upesi na umwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye maji ya mjini, kwa sababu bila taarifa hiyo huenda asifikirie kupima. Dawa za kuua bakteria hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema. Kidonda chochote kifunikwe kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuingia, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na samaki arudishwe majini, kwa kuwa metali na kemikali zilizo kwenye nyama yake hazitoki kwa kupikwa.